Samaki-mrija, Mkaaji wa Nyasi za Bahari

Katika pwani yetu wako samaki wajulikanao na kila mtu. Mtoto wa Unguja, wa Lamu au wa Kilwa hana haja ya kufundishwa tasi ni yupi na changu ni yupi, maana amewaona sokoni na kuwala nyumbani. Lakini wako na wengine wasiopelekwa sokoni wala kupikwa chunguni, ambao hawatajwi na wavuvi ila siku wanaponaswa wavuni na kutupwa mchangani. Mmoja wa hao ndiye tutakayejifunza habari zake katika somo hili. Ni mdogo, ni mwembamba, hana nguvu wala mbio. Walakini maisha yake yana mambo ya ajabu kuliko ya samaki wengi wakubwa.

Mdomo wake ni mrefu na una uwazi ndani, mfano wa mrija ambao mtu hunywea maji ya dafu. Kwa hiyo hapa tutamwita samaki-mrija. Wataalamu humweka katika jamii moja na farasi wa bahari, yule samaki mwenye kichwa kama cha farasi. Jamii hiyo ina aina zipatazo 300, na nyingi kati yake ni samaki-mrija. Mwaka 1758 mwanachuoni Linnaeus wa Sweden aliwaita baadhi yao kwa jina la Syngnathus, neno lililotungwa kwa Kiyunani, maana yake taya zilizoungana.

1. Umbo lake

Ukimshika samaki wa kawaida, mkono wako huteleza juu ya magamba. Samaki-mrija hana magamba. Mwili wake umevikwa pete za mfupa, moja baada ya moja tangu shingoni hata mkiani, kama pingili za muwa. Vazi hilo ni ngao yake, lakini pia ni kifungo chake. Samaki wengine huogelea kwa kupinda mwili huku na huku na kuyasukuma maji kwa mkia. Yeye hawezi kujipinda vile. Chombo chake cha kumwendesha ni pezi dogo lililo mgongoni, linalotikisika upesi sana hata jicho haliwezi kuufuata mwendo wake. Mtu akimtazama kwa mbali hudhani kuwa anakwenda bila kutikisa kitu cho chote.

Mapezi ya tumboni, ambayo samaki wengi wanayo, yeye hana. Matamvua yake pia ni ya namna yake: hayakupangwa kama meno ya kitana, bali yamekaa vifungu vifungu. Macho yake ni kama ya kinyonga. Jicho moja laweza kutazama mbele na jingine nyuma kwa wakati mmoja. Hana meno, na tena hana tumbo la kuwekea chakula: kile anachokimeza hupita moja kwa moja katika utumbo. Kwa sababu hiyo hawezi kushiba asubuhi akangoja jioni. Hana budi kula kidogo kidogo mchana kutwa.

Ukubwa wao si mmoja. Wako wasiozidi urefu wa kidole cha mtu, na wako wafikao sentimeta 40. Aina moja ipendayo sana nyasi, iitwayo Syngnathoides biaculeatus, hupatikana tangu Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hata visiwa vya bahari ya Pasifiki. Huyu hufika sentimeta 28 hivi. Hana pezi la mkia. Ncha ya mkia wake ni nyembamba, naye huizungusha kwenye jani, kama kinyonga ashikavyo kijiti, ili mkondo usimchukue.

2. Makao yake

Watu wengi wa pwani huita mwani kila mmea uotao baharini. Yafaa tujue tofauti. Mwani wenyewe hauna mizizi ya kweli wala maua. Nyasi za bahari zina mizizi ishikayo mchanga, zina majani, zina maua, na huzaa mbegu kama mimea ya nchi kavu. Katika pwani ya Afrika Mashariki ziko aina zaidi ya 10. Nyingine zina majani membamba kama uzi, na nyingine majani marefu kama mikanda. Ghuba ya Chwaka katika kisiwa cha Unguja, na ghuba ya Gazi kusini ya Mombasa, ni mahali palipo na mashamba makubwa ya nyasi hizo.

Mashamba hayo ndiyo makao ya samaki-mrija wengi. Maji yapitayo kati ya majani hupungua nguvu, kwa hiyo samaki dhaifu apata utulivu. Juu ya majani hukaa viumbe vidogo visivyohesabika, kwa hiyo apata chakula. Na majani yenyewe yamefanana naye, kwa hiyo apata maficho.

Si wote wakaao katika nyasi. Wengine hutambaa juu ya matumbawe na mchanga uliovunjika kutoka kwenye matumbawe. Wengine, wenye rangi nzuri za kung'aa, hukaa chini ya mawe na katika mapango ya mwamba. Wengine tena hupenda midomo ya mito na vijito vya mikoko, mahali maji ya chumvi yanapochanganyika na maji matamu. Lakini kila mmoja hushika makao yake. Samaki mwenda pole kama huyu hawezi kuhama leo hapa na kesho kule kama wafanyavyo jodari na nguru.

3. Jinsi anavyopata chakula

Chakula chake kikubwa ni uduvi na vijidudu vingine vya jamii ya kamba, vidogo kiasi cha kuonekana kwa shida. Twaweza kuuliza: samaki mwenda pole hivi awezaje kukamata vitu virukavyo haraka katika maji?

Jibu lake ni kwamba hawakimbizi, bali huwavizia. Hukaa kimya kati ya majani, akisogea polepole pasipo kuyatikisa maji, hata kijidudu kikawa karibu na ncha ya mdomo wake. Ndipo kichwa hurushwa juu kwa ghafula, na mdomo huvuta maji kwa nguvu pamoja na kijidudu kilichomo. Tendo hilo lote humalizika kwa muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde. Ukipepesa jicho, yeye amekwisha kula.

Nguvu ya haraka hiyo hutoka wapi? Fikiri habari za upinde. Mkono wa mtu hauwezi kuutupa mshale mbali sana. Lakini mtu akivuta upinde polepole, nguvu ya mkono wake huwekwa akiba katika upinde, na uzi ukiachiliwa hutoka yote mara moja. Samaki-mrija naye ana kano nyuma ya kichwa, ambazo misuli yake huzivuta kabla ya wakati. Zinapoachiliwa, kichwa hufyatuka. Basi upole wake si uvivu. Ni mtu anayevuta upinde.

Mwanafunzi aweza kujaribu nguvu ya mrija mwenyewe. Tia maji katika bakuli, utupe ndani yake vipande vidogo vya majani makavu. Weka ncha ya mrija karibu na kipande kimoja, uvute kwa ghafula, lakini usimeze. Kipande kitaingia. Kisha jaribu ncha ikiwa mbali kidogo: kipande hakitaingia, maana mvuto wa mrija haufiki mbali. Hivyo utafahamu kwa nini samaki huyu hana budi kusubiri mpaka chakula kimkaribie.

4. Baba alindaye mayai

Sasa twafika katika jambo lililowashangaza wataalamu kwa miaka mingi. Katika wanyama wengi ni mama achukuaye mimba. Katika samaki-mrija na farasi wa bahari, ni baba.

Mama hutoa mayai, naye humkabidhi baba. Baba huyapa mbegu yake ili yawe hai, kisha huyachukua katika mwili wake mpaka siku ya kuanguliwa. Namna ya kuyachukua si moja kwa wote. Yule wa nyasi tuliyemtaja, Syngnathoides biaculeatus, huyabeba yamegandamana chini ya tumbo lake, waziwazi, hata mtu aweza kuyaona. Wengine wana mikunjo miwili ya ngozi chini ya mkia, inayofunika mayai kama pande mbili za kanzu iliyofunguliwa mbele. Na farasi wa bahari ana mfuko kamili uliofungwa pande zote, wenye tundu dogo tu.

Penye mfuko, baba si sanduku la kuwekea mayai tu. Mishipa yake ya damu huenea karibu na mayai na kuyapatia hewa. Tena huyapa watoto baadhi ya chakula, na kulinganisha chumvi ya maji yaliyo ndani. Siku zinapotimia, watoto hutoka wakiwa na umbo kamili la wazazi wao, ila ni wembamba kama uzi. Tangu saa ile hujitafutia wenyewe. Wengi huliwa kabla ya kukua.

Kwa kuwa nafasi iliyo mwilini mwa baba ni chache, katika aina nyingine mambo yamegeuka: akina mama ndio wenye rangi nzuri zaidi, nao ndio washindanao kumpata baba mwenye nafasi. Katika aina nyingine mume na mke hukaa pamoja siku zote. Wachunguzi katika bahari ya Japani wamewaona samaki-mrija wa matumbawe, mume na mke, wakikutana kila asubuhi na kuogelea pamoja kidogo kama watu waamkianao, kisha kila mmoja akaenda kutafuta chakula chake.

Jambo hili halikujulikana upesi. Aristotle, mwanachuoni wa Uyunani aliyeishi tangu 384 hata 322 K.K., aliandika ya kuwa wako samaki ambao wakati wa kuzaa hupasuka tumboni, mayai yakatoka, kisha jeraha likapona. Alilolisema lilikuwa na ukweli, maana aliona mfuko unavyofunguka. Lakini kwa kuwa si jeraha, hapakuwa na kitu cha kupona. Mwaka 1831 Mswidi mmoja, Ekström, aliyewachunguza samaki wa pwani ya nchi yake, alieleza kwamba wachukuao mayai ni waume. Tangu Aristotle hata Ekström ni zaidi ya miaka 2,000. Hapo twajifunza kwamba kutazama ni jambo moja, na kuhakikisha tulichokitazama ni jambo jingine.

5. Kinga yake na adui zake

Samaki-mrija hana mwiba wa sumu, hana meno, na hawezi kukimbia. Kinga yake ni kutoonekana. Katika nyasi mbichi huwa na rangi ya kijani, na katika nyasi zilizokauka huwa wa hudhurungi. Hujisimamisha kati ya majani, na mawimbi yanapoyayumbisha majani, naye huyumba pamoja nayo. Samaki mla samaki hupita karibu naye akadhani ni jani.

Wazee wetu husema, mwenda pole hajikwai. Mithali hiyo inamfaa samaki huyu, maana akiharakisha tu, huonekana. Lakini kinga hii ina kasoro moja kubwa: yafaa kitu pale tu yalipo majani. Uyaondoe majani, na yule aliyekuwa jani kati ya majani atakuwa kijiti juu ya mchanga mweupe, akionekana na kila adui.

6. Samaki aliyedhaniwa amekwisha

Sikilizeni habari za ndugu yake mmoja akaaye mbali na kwetu. Katika jimbo la Eastern Cape, Afrika ya Kusini, iko mito midogo iingiayo baharini, kama Bushmans, Kariega na East Kleinemonde. Katika midomo ya mito ile huishi samaki-mrija asiyepatikana mahali pengine po pote duniani. Mwaka 1963 mwanachuoni J. L. B. Smith alieleza umbo lake na kumpa jina la Syngnathus watermeyeri. Smith ni yule yule aliyempa jina silikanti mwaka 1939, samaki wa kale ambaye baadaye alivuliwa hata Tanga.

Miaka ikapita, watu wakamtafuta samaki-mrija huyo wasimwone. Mwaka 1994 akaandikwa miongoni mwa viumbe waliokwisha kabisa duniani. Walakini mwaka 1996 alionekana tena, yu hai, katika East Kleinemonde. Furaha ilikuwa kubwa, lakini hatari haikuondoka. Hata sasa ni mmoja wa samaki walio karibu sana na kutoweka.

Ni nani aliyempunguza? Hakuna mtu aliyemvua kwa kumla. Watu walijenga mabwawa katika mito ili wapate maji ya mashamba na ya miji, na haja hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini maji ya mto yanapofika baharini huleta rutuba. Rutuba hukuza mimea midogo sana ielea majini. Mimea hiyo huliwa na vijidudu. Na vijidudu ndivyo chakula cha samaki-mrija. Maji ya mto yalipopungua, mnyororo huo wote ulilegea. Tena mafuriko makubwa yanapokuja hung'oa nyasi katika midomo ya mito, na samaki hukosa makao. Basi yawezekana kumwangamiza kiumbe bila kumgusa, kwa kukigusa tu kile anachokitegemea.

7. Sisi na nyasi za bahari

Katika pwani yetu nyasi hupotea kwa njia mbalimbali. Kokoro, yaani juya livutwalo chini mpaka ufuoni, hukokota kila kitu kilicho mbele yake: samaki wakubwa, watoto wa samaki, na majani. Nanga zitupwazo mahali pamoja kila siku huchimba mashimo. Udongo uletwao na mito kutoka milima iliyokatwa miti huyatia maji matope, na jani lisilopata mwanga wa jua hufa. Tena katika nchi za Asia wako wanunuao farasi wa bahari na samaki-mrija waliokaushwa ili kufanya dawa. Tangu mwaka 2004 biashara ya farasi wa bahari baina ya nchi na nchi imewekwa chini ya sheria ya mkataba wa mataifa.

Mtu aweza kusema, "Samaki huyu haliwi, akipotea, mimi napata hasara gani?" Ajibiwe hivi. Shamba la nyasi lililo makao ya samaki-mrija ndilo shamba wanamokulia watoto wa tasi, wa changu na wa kamba. Humo nguva na kasa hupata malisho. Mizizi yake huushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Basi mahali samaki-mrija anapokosa pa kuishi, yamkini mvuvi naye atakosa samaki wa kuuza. Yule mdogo asiye na bei sokoni hutuonyesha hali ya nyumba nzima.

Siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana, mwanafunzi wa pwani aweza kwenda pamoja na mtu mzima mpaka kwenye vidimbwi vya nyasi. Asikanyage ovyo, wala asing'oe kitu. Akae kimya kando ya kidimbwi kimoja, ajihadhari kivuli chake kisianguke majini, aangalie majani moja moja. Huenda jani mojawapo likawa na jicho. Akimwona, amtazame apendavyo, kisha amwache pale pale. Maana katika debe la maji nyumbani hataishi, kwa kukosa uduvi, na nje ya nyasi zake hana kinga.

MASWALI

1. Kwa nini samaki-mrija hawezi kuogelea kama changu aogeleavyo?
2. Eleza tofauti iliyopo kati ya mwani na nyasi za bahari.
3. Mfano wa upinde unatufundisha nini juu ya namna samaki huyu anavyokula?
4. Taja namna tatu za baba kuchukua mayai katika jamii hii.
5. Aristotle aliona jambo gani kwa usahihi, na alikosea wapi?
6. Eleza hatua kwa hatua jinsi bwawa lililojengwa mtoni lilivyoweza kumpunguzia chakula samaki akaaye mdomoni mwa mto.
7. Mvuvi mmoja asema kokoro humpatia chakula cha leo. Mwingine asema kokoro humla chakula cha kesho. Andika maneno ambayo kila mmoja angeweza kuyasema, kisha useme wewe ungewashauri nini.